Münsterberg, mganga aliyeshindwa kujiganga

Kijana mmoja niliyemfundisha katika shule ya upili alinijia hivi majuzi kutaka ushauri. Amekwisha kutunukiwa shahada ya kwanza ya saikolojia, na azma yake sasa ni kusomea uzamili katika tawi la elimu hiyo linalohusu mahakama, yaani ushahidi, maungamo na akili za washtakiwa. Aliniuliza aanze na kitabu gani. Badala ya kumtajia kitabu, nilimsimulia maisha ya mtu. Nayarudia hapa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wenzake.

Hugo Münsterberg alizaliwa mwaka 1863 mjini Danzig, ambao leo ni Gdańsk nchini Poland. Alipata shahada ya uzamifu huko Leipzig mwaka 1885 chini ya Wilhelm Wundt, kisha mwaka 1887 akahitimu udaktari wa tiba huko Heidelberg. Mwaka 1892 William James alimwalika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ili aongoze maabara ya saikolojia.

Miongoni mwa waliofanya utafiti chini yake alikuwa Mary Whiton Calkins. Mwaka 1895 bibi huyo alitahiniwa akafuzu, lakini chuo kikamnyima uzamifu kwa sababu tu ni mwanamke. Münsterberg alikuwa amemwombea kibali, asisikilizwe. Hata hivyo, mwaka 1905 Calkins akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani.

Basi ikatokea kwamba Münsterberg na aila yake walikuwa mapumzikoni pwani, wezi wakaivunja nyumba yake ya mjini. Aliitwa mahakamani, akaapa, akaeleza aliyoyakuta. Alisema wezi waliingilia dirisha la chumba cha chini. Kumbe walivunja kitasa cha mlango. Alisema saa ya mezani ilifungwa kwa karatasi. Kumbe ilifungwa kwa kitambaa cha meza. Hata matone ya mshumaa aliyataja mahali yasipokuwa. Hakukusudia uwongo, na kumbukumbu yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuhutubia bila maandishi. Akajiuliza: ikiwa mtaalamu hupotoka hivyo, ni wangapi waliofungwa au kunyongwa kwa ushahidi wa watu waaminifu waliokosea? Swali hilo alilijenga katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu shahidi kizimbani, ambacho hadi leo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya taaluma hii.

Lakini mganga hajigangi. Mwaka 1907 Münsterberg alisafiri hadi Idaho, ambako Harry Orchard alikuwa ameungama kumuua kwa bomu Frank Steunenberg, aliyepata kuwa gavana wa jimbo hilo. Orchard alidai kwamba alitumwa na viongozi wa chama cha wachimba migodi, na mmoja wao, William Haywood, alikuwa akikabiliwa na kitanzi. Münsterberg alimpima Orchard kwa majaribio mengi. Alimtajia neno, akangoja jibu, akahesabu sehemu za sekunde zilizopita kabla halijatoka. Akaridhika kwamba maungamo yale yalikuwa ya kweli, na kabla wazee wa baraza hawajatoa uamuzi, kauli yake ikafika magazetini. Baadaye Haywood aliachiliwa huru.

Tafakari, msomaji. Mtu aliyeyashuku macho yake mwenyewe hakuishuku mitambo yake. Uhai wa mwanadamu ulikuwa mizanini, naye akanena kana kwamba sayansi imekwisha kuhukumu. Ndipo mwaka 1909 mwanasheria John Henry Wigmore alipoandika kesi ya kubuni, ya mzaha lakini kali, akamshtaki kwa kuwatuhumu mawakili kwamba wameipuuza elimu ambayo ushahidi wake haujatosha. Naona Wigmore alikuwa na haki, japo swali la Münsterberg lilikuwa jema.

Vita vya 1914 vilipozuka, aliitetea Ujerumani hadharani, na wenzake wengi wakamtenga. Alianguka akafa tarehe 16 Desemba 1916, akiwa anawafundisha wasichana katika Chuo cha Radcliffe. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya mwaka 1953 kwamba utambuzi unaotegemea shahidi mmoja sharti upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa. Na huko Marekani, tangu mwaka 1989, vipimo vya DNA vimewatoa gerezani watu wengi waliotiwa hatiani kwa sababu shahidi aliapa kuwa aliwaona.

Nilipomaliza kusimulia, nilimwomba kijana wangu anieleze bawabu aliyemfungulia lango alikuwa amevaa nini. Alijibu bila kusita kwamba ni sweta la kijani. Tukashuka pamoja hadi langoni, tukamkuta mzee amevaa koti la samawati, na sweta hana. Kijana alitazama chini, akacheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nilimwambia aende akajaze fomu zake za uzamili, maana somo la kwanza amekwisha kulipata.