Delamere: Msee Aliyemalizwa na Ng'ombe Kabla Jina Lake Liingie Kwa Friji Yako

Ukipanda mathree ya Nakuru, kuna hiyo stop ya Delamere pale Naivasha. Watu wanashuka kunyoosha miguu, wengine wananunua yogati, mwingine anapiga selfi, dere anapiga honi mnarudi ndani. Jina tumelizoea mpaka hakuna mtu huuliza huyu Delamere alikuwa nani. Stori yake ni noma kuliko unavyodhani.

Kwa majina aliitwa Hugh Cholmondeley (usijisumbue kulitamka, Waingereza wenyewe hulikata nusu). Alizaliwa Uingereza 1870 kwa familia ya mabwanyenye. Mbuyu wake alikufa 1887, na kijana wa miaka 17 akajipata ni Lord mwenye mashamba Cheshire. Masomo hayakuwa yake. Hapo siwezi kumcheka, mimi mwenyewe college niliiacha njiani. Tofauti ni kwamba mimi sikuachiwa mashamba.

Yeye alitaka kuwinda simba. Akaenda Somalia mara kadhaa, na 1894 simba mmoja akamkamata mguu. Kilichomuokoa ni Msomali aliyekuwa akimbebea bunduki, aliyemrukia huyo simba mikono mitupu. Delamere alichechemea maisha yake yote, lakini hakukoma. Mwaka 1897 aliingia Kenya kutoka kaskazini kwa miguu na msafara wa ngamia. Baada ya jangwa refu, akatokea nyanda za juu, nyasi kijani, baridi kama ya kwao. Hapo akili yake ikakwama.

1903 serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 kule Njoro. Soma tena hiyo namba. Sisi tunapigania ploti ya hamsini kwa mia.

Sasa hapa ndipo msee alianza kuchapwa. Aliagiza kondoo kutoka New Zealand, wengi wakadedi. Akaleta madume ya ng'ombe kutoka Uingereza ayazalishe na ng'ombe wa huku, ili apate maziwa mengi na mwili unaovumilia jua. Ng'ombe nao wakaanza kukonda huku tumbo limejaa nyasi. Shida ilikuwa chini ya miguu yao: udongo wa pande hizo ulikosa madini. Wanasayansi walikuja kugundua baadaye kwamba kilichokosekana ni kobalti, na huo ugonjwa ukaitwa Nakuruitis. Ongeza ndigana ya kupe, ambayo ng'ombe wa kigeni hana kinga nayo hata kidogo. Akajaribu ngano, kutu ikaimaliza shambani. Kwa hasira akalipa mtaalamu atafute mbegu inayovumilia kutu, na Njoro ikawa kituo cha utafiti wa ngano mpaka leo.

Pesa ya haya yote ilitoka wapi? Aliweka rehani mashamba ya kwao Cheshire. Yeye na mkewe, Lady Florence, walikuwa wakiishi kwa nyumba ya nyasi na matope huku wakiitwa Lord na Lady.

Akahamishia nguvu Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na mifugo ikaanza kushika. Hiyo ardhi haikuwa tupu. Wamaasai walikuwa wakilisha Bonde la Ufa miaka na mikaka. Mkataba wa 1904 ukawatoa bondeni, wengi wakapelekwa Laikipia, halafu 1911 wakatolewa Laikipia pia wakasukumwa kusini. Walienda kortini 1913 wakaambiwa kesi yao haisikilizwi. Delamere alijifanya beste yao. Aliongea Kimaasai, aliwaajiri kuchunga ng'ombe zake, na ujuzi mwingi wa mifugo aliupata kwao. Lakini ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kupigania hizo nyanda zibaki za wazungu. Mnafundishwa ng'ombe na mtu, halafu mnachukua malisho yake. Hapo mimi humwachia Mungu.

Maziwa yalipoanza kuwa mengi shida ikawa soko. Maziwa hayangoji mtu, na mji ulikuwa mdogo. Dawa ikawa siagi: unatenganisha krimu, inapanda treni, inatengenezwa siagi, inauzwa hadi ng'ambo. 1925 masetla walianzisha KCC, kiwanda kikiwa Naivasha. Ndiyo hiyo hiyo KCC unayoijua.

Ila waliokuwa wakiamka saa kumi usiku kukamua walikuwa Waafrika, na wao hawakuwa na nafasi kwa hiyo biashara. Masquatter kwenye hayo mashamba walifuga ng'ombe wao kidogo, mpaka masetla wakaamua hao ng'ombe wanaleta magonjwa na wanamfanya mfanyakazi ajitegemee sana. Miaka ya 1920 wakapigwa na kitu kilichoitwa kifagio: mifugo yao inafagiliwa yote, unabaki na mshahara tu. Wazee wa Nakuru na Naivasha walibeba hiyo hasira muda mrefu, na nyingine iliingia msituni na Mau Mau.

Delamere alifariki Novemba 1931 akiwa na miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha madeni mazito kwa benki. Jamaa aliyeanza na urithi wa kufa mtu alimaliza akidaiwa.

Ilibidi ifike 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, ndipo mpango wa Swynnerton ukawafungulia Waafrika mlango wa kufuga ng'ombe wa gredi kwa biashara. Wakulima wadogo waliingia kwa kasi. Leo maziwa mengi ya Kenya hayatoki kwa ranchi ya Lord yeyote, yanatoka kwa shosho wa Githunguri au Ol Kalou mwenye ng'ombe wawili, napier nyuma ya nyumba, na mkebe anaoubeba hadi barabarani kabla jua lichomoze.

Nairobi ilikuwa na barabara ya Delamere Avenue na sanamu yake imekaa pale. Uhuru ulipokuja 1963 barabara ikaitwa Kenyatta Avenue, na sanamu ikang'olewa. Familia iliipeleka Soysambu, ikasimamishwa kule shambani ikiangalia ule mlima unaofanana na mtu amelala chali. Wamaasai wanaona hapo morani amelala. Wazungu waliuita pua ya Delamere.