Mtakatifu Albert Mkuu: Askofu Aliyeijaribu Dhahabu kwa Moto



Kijana mwenzangu wa Handeni na Korogwe, wewe uliyeanza chuo mwaka huu ukakutana na kemia isokaboni, leo nakuletea mtakatifu wako. Kama jedwali la elementi linakutoa jasho, au kuna mtu kakuambia kwamba ukisoma sana sayansi imani itapungua, kaa hapa kidogo.

Albert alizaliwa Lauingen, Ujerumani, karibu mwaka 1200. Akiwa masomoni Padova, Italia, alijiunga na Wadominiko, watawa waliochagua umaskini na kuhubiri Injili. Miaka ya 1240 alifundisha Paris. Kati ya wanafunzi wake alikuwepo kijana mkimya ambaye wenzake walimwona mzito wa akili. Albert aliona kilichomo ndani yake. Kijana huyo ndiye Mtakatifu Thoma wa Akwino.

Siku zile wapo watawa walioona kuchunguza mimea, wanyama na mawe ni kupoteza muda. Albert hakukubaliana nao. Aliyeumba mawe ni Mungu, sasa kuyachunguza kutamchukizaje? Akaandika kitabu kizima kuhusu madini, na alisafiri mpaka machimboni ili aone mwenyewe. Kuambiwa tu hakukumtosha.

Walikuwepo pia mafundi waliodai wanajua kugeuza metali za kawaida kuwa dhahabu. Albert hakuwaamini hivihivi, wala hakuishia kuwabeza. Alichukua dhahabu yao akaitia motoni mara sita, saba. Mwishowe ikateketea, yakabaki makapi.

Kwa lugha ya darasani ni hivi. Dhahabu, elementi namba 79, haiungani na oksijeni ya hewa hata ukiichoma, ndiyo maana inatoka motoni vilevile. Shaba, namba 29, ikichomwa hewani inafunikwa na oksidi nyeusi. Pairiti, ile inayong'aa na kudanganya wengi, ni muungano wa chuma na salfa: ikiungua, salfa inatoka kama gesi ya kukaba koo, na chuma kinabaki kama oksidi. Kwa macho vyote vinang'aa. Motoni ndipo vinapoachana.

Mwaka 1260 Papa alimteua kuwa Askofu wa Regensburg. Alizunguka jimbo lake kwa miguu, mpaka watu wakamtania kwa ajili ya viatu vyake. Baada ya kama miaka miwili aliomba kupumzishwa, akarudi kufundisha na kuhubiri. Alifariki Köln tarehe 15 Novemba 1280, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake. Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1931, na mwaka 1941 Papa Pius XII akamfanya msimamizi wa wanasayansi.

Sasa turudi nyumbani. Handeni kuna dhahabu, kule Magambazi. Korogwe kuna vito, kule Kalalani. Wachimbaji wadogo wengi nchini hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo peupe. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Kwa hiyo dhahabu inabaki kwenye kikaango, zebaki inaingia kifuani mwa mchomaji na mwa mama aliyekaa jirani na mwanawe. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini unaharibu ubongo na figo.

Huyo mchomaji anaweza kuwa kaka yako. Anatafuta ada, labda ada yako wewe. Ukikariri kemia kwa ajili ya mtihani tu, nani atamweleza kwamba kuna vyombo vilivyofungwa vinavyonasa mvuke huo na kuurudisha kuwa zebaki? Upendo kwa jirani wakati mwingine unapitia kwenye kiwango cha kuchemka.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kufungua daftari, piga ishara ya msalaba. Soma ili uelewe, uliza sababu, jaribu. Na ukirudi likizo, mwambie mtu mmoja habari ya zebaki.

Mtakatifu Albert Mkuu, utuombee.