Dred Scott: Jamaa aliyedai uhuru, korti ikamwita mali

Kuna kipengele kwenye Katiba ya Marekani ambacho ukikisoma harakaharaka utakipenda. Marekebisho ya Tano, ya 1791, yanakataza serikali kumnyang'anya mtu maisha, uhuru au mali bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Poa sana, ama? Sasa msikie Dred Scott.

Alizaliwa Virginia mnamo 1799 hivi, mtumwa wa familia ya Blow. Wakahama naye hadi St. Louis, Missouri, na huko akauzwa kwa daktari wa jeshi, John Emerson. Daktari alipohamishwa kambi, Scott naye nyuma: Illinois, kisha Fort Snelling, Minnesota ya leo. Kote huko utumwa ulikuwa marufuku. Ni Fort Snelling alikomwoa Harriet.

Emerson akafa 1843. Scott akajaribu kujinunua kutoka kwa mjane. Hebu lifikirie hilo neno, kujinunua! Mama akakataa.

Basi 1846 Scott na Harriet wakaenda kortini. Hawakuwa wanabahatisha, kwani korti za Missouri zilikuwa zimewaachilia watumwa wengine waliowahi kuishi kwenye ardhi huru. Na waliosaidia kugharimia kesi? Watoto wa Blow, familia ile ile iliyokuwa imemuuza. Raundi ya kwanza alianguka kwa sababu ya ushahidi, akashinda 1850, halafu 1852 korti ya juu ya jimbo ikampokonya ushindi.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Machi 6, 1857, majaji saba wakamkataa, wawili wakawa upande wake. Jaji Mkuu Roger Taney alisema mtu mweusi si raia, hivyo hawezi kushtaki kwenye korti ya shirikisho. Angeachia hapo, lakini wapi! Akaongeza kwamba sheria ya Bunge ya 1820 iliyozuia utumwa kaskazini ni batili, kwa kuwa inamnyang'anya mwenye mtumwa mali yake bila utaratibu wa sheria. Yaani kile kipengele kizuri kilimkinga mwenye mali, na mali yenyewe ilikuwa Scott. Neno uhuru limo kwenye sentensi hiyo hiyo, lakini Taney alilipita kama matatu iliyojaa.

Cha kushangaza, mjane alikuwa ameolewa tena, na mume mpya alikuwa mbunge mpinga utumwa. Aibu ya mwaka. Familia ya Scott ikahamishiwa Taylor Blow, naye akawaachilia Mei 26, 1857. Miaka 11 ya kesi, halafu uhuru ukaja kwa karatasi ya mwenye mali.

Scott akawa mbeba mizigo hotelini, Harriet akifua nguo za watu. Kifua kikuu kilimuua Septemba 17, 1858.

Harriet aliishi hadi 1876. Aliwahi basi kuona utumwa ukifutwa 1865, na Marekebisho ya 14 ya 1868 yakiwapa uraia weusi waliozaliwa Marekani, na kuyabana majimbo kwa maneno yale yale: maisha, uhuru, mali, utaratibu wa sheria.