Maisha ya James Chuma

Katika jubilei hii twamkumbuka Chuma, Myao, aliyepita huku kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, akiwaongoza wapagazi wa Joseph Thomson, miaka 14 kabla misheni ya Ikombe haijaanzishwa.

Alitiwa utumwani angali mtoto. Mwaka 1861 Livingstone na Askofu Mackenzie walimfungua, akalelewa Magomero katika misheni. Kisha akapelekwa Bombay kusoma, akabatizwa mwaka 1865.

Mwaka 1866 wakarudi ziwani. Huko kusini mwenzake Wekotani, aliyefunguliwa pamoja naye, aliwakuta jamaa zake, akabaki nao. Chuma hakubaki, aliendelea na mlezi wake. Livingstone alipokufa mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wake hadi pwani, kama wana wamchukuavyo baba yao. Chuma akafariki Unguja mwaka 1882.

Sisi tunaopokea yatima majumbani mwetu tuwatazame wote wawili. Yule aliyerudi kwa jamaa zake hakuwa mkosa shukrani, wala yule aliyebaki na mlezi hakuikana damu yake. Mtoto akiuliza habari za mamaye, tumjibu kwa upole.