Sayyida Salme: Binti wa Mfalme aliyetaka madaktari wanawake Zanzibar

Na Mwandishi Wetu, Kiwengwa

KATIKA vijiji vya pwani ya Mashariki ya Unguja, Kiwengwa ikiwa mojawapo, lipo swali ambalo mwanamke anayefika kituo cha afya huliuliza hata kabla ya kueleza maradhi yake: leo zamu ni ya nani, mwanamume au mwanamke?

Akiambiwa ni mwanamume, wapo wanaoingia, wapo wanaosubiri siku nyingine, na wapo wanaorudi nyumbani kumtafuta mkunga wa jadi, ambaye huenda dawa yake imechumwa katika msitu wa Kiwengwa-Pongwe, ng'ambo ya barabara inayopita kwenye hoteli za watalii. Mume na mama mkwe nao huwa na kauli yao.

Wakazi wa mjini hupenda kulitazama jambo hili kama ukaidi wa shamba. Lakini miaka zaidi ya 160 iliyopita lilikuwa likiwasumbua wanawake wa nyumba kubwa kuliko zote Unguja, na aliyeliandika kwa uwazi alikuwa binti wa Mfalme mwenyewe.

Huyo ni Sayyida Salme, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti, 1844 katika jumba la Beit el-Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyeletwa Unguja akiwa mdogo.

Katika majumba hayo mabinti walifundishwa kusoma Qurani, lakini si kuandika. Salme alijifunza kuandika peke yake, kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomwingiza katika matatizo, na ndio uliotuachia sisi habari zake.

Maradhi yalipoingia nyumbani, tiba zilikuwa zile ambazo wazee wetu wanazijua hadi leo. Mgonjwa aliumikwa damu. Aya ziliandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa, na maji yake yakanywewa kama kombe. Uzazi ulikuwa mikononi mwa wakunga, na hakuna aliyefikiria kumwita mwanamume katika chumba hicho.

Tabu ilianza pale tiba za nyumbani zilipogonga mwamba na mtu akatamka jina la daktari wa Kizungu. Salme anasimulia jinsi daktari wa aina hiyo alivyoletwa kumtazama mgonjwa wa kike aliyekuwa amefunikwa shali mwili mzima. Alichoruhusiwa ni kuupima mshipa wa mkono. Alipotaka kuuona ulimi, mzozo ukazuka.

Ni kisa cha kuchekesha ukikisoma umekaa sebuleni. Kwa mtu aliyelala chini ya ile shali, homa ikimchoma, hakikuwa na kichekesho chochote. Daktari aliyekatazwa kutazama na kuuliza angegundua nini kwa kushika kifundo cha mkono tu?

Seyyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba, 1856, akirejea kutoka Oman. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, kipindupindu kilipokuwa kikiua watu kwa wingi kisiwani, Jilfidan naye akafa. Salme alibaki yatima, akiwa hajatimiza miaka 16.

Mwaka huohuo ndugu zake waligombana. Barghash alitaka kumpindua Majid aliyekuwa Sultani, na Salme, kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa mwandishi wa barua za njama hiyo. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na binti huyo akajikuta ametengwa na nusu ya ukoo wake. Baadaye alipatana na Majid, jambo lililowaudhi wale wa nusu ya pili.

Akiwa anaishi Mji Mkongwe alifahamiana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete. Salme akashika mimba.

Hapo habari ya mwanamke na tabibu inarudi kwa njia nyingine. Aliyekaimu ubalozi wa Uingereza wakati huo, Dk. G. E. Seward, alikuwa daktari kwa taaluma. Hata hivyo, aliyemsaidia Salme kutoroka alikuwa mke wa daktari huyo, Emily Seward. Katika nyumba za wanawake za wakati ule, mwanamke mwenzake ndiye aliyeweza kusikia siri ya aina hiyo bila ya kuzua maswali.

Usiku wa Agosti 24, 1866, wakati wa sherehe ya Mwaka, wanawake wanapoteremka pwani kukoga, Salme aliingia katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer na kupelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei, 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na Ruete siku hiyohiyo, na safari ya kwenda Hamburg ikaanza. Mtoto wao alifia njiani.

Ujerumani alizaa watoto watatu kwa muda wa miaka miwili na kidogo: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Mwezi Agosti mwaka huo wa 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa. Mjane huyo wa miaka 25, mgeni wa nchi na lugha, alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akiishi kwa kufundisha Kiarabu.

Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Wasomaji wengi wa Ulaya walikitafuta kitabu hicho kwa tamaa ya kuona ndani ya majumba ya wake na masuria. Sura inayozungumzia tiba haikuwa na mvuto huo, na hadi sasa ni nadra kutajwa. Kwa mawazo yangu, ndiyo yenye manufaa zaidi.

Humo Salme hawatetei waliomfunika mgonjwa kwa shali, wala hawaambii wanawake wa kwao waache stara ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Anapendekeza madaktari wanawake wa Ulaya waende Mashariki, wajifunze lugha za huko, naye ana yakini kwamba watapokewa vizuri na kupata riziki yao.

Ikumbukwe kuwa sheria ya Kiislamu inaruhusu dharura, na tabibu mwanamume anaweza kumtibu mwanamke pale panapokosekana mwingine. Lakini ruhusa ni kitu kimoja, na kuvua nguo mbele ya mwanamume usiyemjua ni kitu kingine. Salme alikulia kati ya vitu hivyo viwili, na akaona kwamba dawa yake ni kubadilisha anayeshika mkoba wa dawa.

Ajabu ni kwamba Ulaya yenyewe ilikuwa bado haijakubali. Katika jiji lilelile la Berlin, Franziska Tiburtius na Emilie Lehmus walikuwa wakitibu wanawake tangu miaka ya 1870, lakini walilazimika kusomea udaktari Zurich, Uswisi, na serikali ya Ujerumani haikuwatambua. Wanawake wa nchi hiyo waliruhusiwa kufanya mtihani wa serikali wa udaktari mwaka 1899, miaka 13 baada ya kitabu cha Salme.

Wazo lilishika kasi zaidi India, ambako mwaka 1885 ulianzishwa mfuko uliopewa jina la Lady Dufferin kwa ajili ya kuwapeleka na kuwafunza madaktari, wauguzi na wakunga wa kike. Zanzibar ilikwenda taratibu. Walitangulia wauguzi wa misheni, katika hospitali yao ya Mkunazini, kisha katika karne ya 20 wasichana wa hapa wakaanza kufundishwa ukunga. Mafunzo ya udaktari yalianza visiwani mwaka 2007 kwa msaada wa Cuba, na wanawake walikuwamo darasani.

Salme mwenyewe hakuwa mtu wa kusifiwa kwa kila jambo. Katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa, na kwa sababu hiyo jiji la Hamburg, lililokipa kiwanja jina lake mwaka 2019, liliamua kuliondoa mwaka uliofuata. Msomaji wa Unguja hana budi kujiuliza ni wangapi kati ya waliowahudumia wagonjwa katika majumba yale walikuwa watumwa, na wao walipougua walitazamwa na nani. Kuhusu hilo la pili, kalamu ya Salme haisemi mengi.

Alirudi kuiona Zanzibar mara mbili, mwaka 1885 na mwaka 1888, safari ya kwanza akiwa katika meli za kivita za Ujerumani iliyomtumia kwa maslahi yake. Wananchi walimshangilia mitaani. Barghash, ndugu aliyemwandikia barua za njama utotoni, wakati huo akiwa Sultani, alikataa kumwona na hakumpa urithi wake.

Kuanzia mwaka 1892 aliishi Beirut kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurejea Ujerumani mwaka 1914. Alifariki katika mji wa Jena tarehe 29 Februari, 1924, akiwa na miaka 79, kwa ugonjwa wa mapafu. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, penye ukoo wa mumewe, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja uliokutwa katika vitu vyake.