Paul Cézanne, mchoraji wa Aix-en-Provence

Mlima Sainte-Victoire, ulio karibu na mji wa Aix-en-Provence kusini mwa Ufaransa, una kimo cha mita zipatazo 1,000 tu. Hata hivyo mtu mmoja aliuchora mara nyingi mno, kwa rangi za mafuta na kwa rangi za maji, na hadi siku zake za mwisho hakuridhika na alichokifanya. Mtu huyo ni Paul Cézanne, ambaye wanahistoria wa sanaa humweka pamoja na Vincent van Gogh, Paul Gauguin na Georges Seurat katika kundi la wachoraji waliokuja baada ya Uimpresioni. Tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu habari zake, kwani ndani yake mna mambo tunayokutana nayo kila siku parokiani.

Cézanne alizaliwa Aix tarehe 19 Januari 1839. Baba yake, Louis-Auguste, alianza kwa kuuza kofia, kisha akafungua benki na kutajirika. Alimtaka mwanawe awe mwanasheria, na kijana akatii kwa muda akasoma sheria, huku moyo ukiwa kwenye brashi. Rafiki yake wa shuleni, Émile Zola, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alimsihi amfuate Paris. Alikwenda mwaka 1861, akakata tamaa, akarudi kufanya kazi katika benki ya baba yake, kisha akaondoka tena. Shule kuu ya sanaa ilimkataa. Maonyesho rasmi ya Paris, yaliyoitwa Salon, yalimkataa karibu kila mwaka. Mara moja tu, mwaka 1882, picha yake ilipokelewa.

Aliyemwokoa ni Camille Pissarro, mchoraji aliyemzidi umri kwa miaka kama tisa. Kuanzia mwaka 1872 walifanya kazi bega kwa bega huko Pontoise, nje, mbele ya mandhari yenyewe. Kabla ya hapo Cézanne alipaka rangi nzito na nyeusi, mara nyingine kwa kisu, na picha zake zilijaa vurugu. Pissarro alimfundisha subira na mwanga. Mwaka 1874 walishiriki pamoja katika maonyesho ya kwanza ya Waimpresioni, na watu wakamcheka Cézanne kuliko wenzake wote.

Lakini hakubaki alipofikishwa na Pissarro. Waimpresioni walitafuta kunasa mwanga wa dakika ile, kabla haujabadilika. Cézanne aliona kwamba katika kuufuata mwanga, mlima na nyumba vimeyeyuka. Yeye alitaka picha yenye uimara, kama zile za mabwana wa kale alizozitazama katika jumba la makumbusho la Louvre. Basi akaanza kupaka kwa mipigo midogo ya brashi iliyolala upande mmoja, ikifuatana kama matofali ya ukuta. Badala ya kuonyesha uviringo wa tofaa kwa kivuli cheusi, alipanga rangi: zile za joto, kama nyekundu na manjano, husogea kwa mtazamaji; zile za baridi, kama bluu, hurudi nyuma. Kwa njia hiyo tofaa linaumbika kwa rangi peke yake. Alimshauri mchoraji kijana, Émile Bernard, aangalie maumbile kwa kutafuta ndani yake maumbo ya msingi: mcheduara, tufe na pia.

Mtu akitazama picha zake za matunda mezani huweza kudhani mchoraji alikosea. Ukingo wa meza ukiingia chini ya kitambaa upande wa kushoto, hautokei mahali panapolingana upande wa kulia. Sahani huonekana kutoka juu na chupa kutoka mbele. Huo haukuwa uzembe. Jicho la mwanadamu halitulii mahali pamoja. Hupita, hurudi, hupima tena, naye aliweka safari hiyo ya jicho juu ya turubai. Kijana mmoja aliyemwona akiandaa matunda alieleza kwamba aliyainua kwa kuweka sarafu chini yake mpaka yakae alivyotaka. Alichora polepole kiasi kwamba matunda yalioza kabla hajamaliza.

Maisha ya nyumbani yalikuwa na kivuli. Mwaka 1869 alikutana na Hortense Fiquet, na mwaka 1872 wakapata mtoto wa kiume, Paul. Kwa woga wa baba yake, aliyemlipia kila kitu, Cézanne aliwaficha mama na mtoto kwa miaka mingi. Mzee alipofungua barua iliyowataja, alimpunguzia posho, na Zola ndiye aliyeisaidia familia hiyo kwa fedha. Sisi tunaosikiliza wanandoa tunajua uzito wa siri ya namna hiyo, hasa kwa mwanamke aliyengoja. Walifunga ndoa mwezi Aprili 1886, wazazi wakiwapo, miezi michache tu kabla ya mzee kufariki. Mwaka huohuo Zola alitoa riwaya juu ya mchoraji aliyeshindwa, na urafiki wao ukapoa.

Katika miaka ya 1890 Cézanne alirudi kwenye Misa. Dada yake Marie, mwanamke wa sala, alikuwa amemhimiza kwa muda mrefu. Hatupaswi kumfanya mtakatifu: alikuwa mkali, aliogopa kuguswa, na katika barua kwa mwanawe alilalamika kwamba padre mmoja alipiga kinanda vibaya hata akashindwa kusali. (Wanakwaya wetu walizingatie hilo.) Lakini katika miaka hiyo alichora picha ya mwanamke mzee ameinamisha kichwa, mikono yake mikubwa imeshika rozari. Inasimuliwa kwamba mama huyo alikuwa mtawa aliyetoka konventini akiwa mzee na kutangatanga, Cézanne akampokea kama mtumishi. Picha hiyo sasa iko London.

Mwaka 1895 mfanyabiashara Ambroise Vollard aliandaa Paris maonyesho ya kwanza ya Cézanne peke yake. Mchoraji alikuwa na miaka 56. Vijana walianza kumtafuta Aix, naye akaendelea kwenda mlimani.

Tarehe 15 Oktoba 1906 mvua ya dhoruba ilimkuta akichora nje. Alianguka, akarudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa kufulia nguo. Kesho yake asubuhi alitoka tena kumchora Vallier, mtunza bustani wake. Alifariki siku chache baadaye kwa nimonia, na Misa ya mazishi ikaadhimishwa katika Kanisa Kuu la Saint-Sauveur, mjini Aix.

Mwaka uliofuata picha zake 56 zilionyeshwa Paris. Kati ya waliovutwa na kazi yake alikuwamo Pablo Picasso, ambaye mwaka 1958 alinunua ngome ya Vauvenargues, upande wa kaskazini wa Mlima Sainte-Victoire. Naye amezikwa hapo.