Charles Lindbergh, Rubani Aliyerudi Darasani

Msafiri wa barabara akipotea humwuliza mwenyeji, naye huonyeshwa njia. Lakini rubani aliye juu ya bahari wakati wa usiku hana wa kumwuliza. Chini ni maji na juu ni mawingu. Yampasa ajue mambo matatu: anaelekea wapi, anakwenda mwendo gani, na amekwenda kwa muda gani. Wasomaji wengi wamesikia habari za Charles Lindbergh, mtu wa kwanza kuruka peke yake kutoka New York mpaka Paris bila kutua. Hapa twapenda kueleza jinsi alivyoipima njia yake, na pia jambo alilolifanya baada ya kupata sifa, ambalo si wengi walijuao.

Lindbergh alizaliwa tarehe 4 Februari, 1902, katika mji wa Detroit, Marekani, akalelewa katika shamba huko Little Falls, Minnesota. Baba yake alikuwa mbunge, na mama yake alikuwa mwalimu. Mwaka 1920 aliingia chuo kikuu kusoma uhandisi, lakini moyo wake haukuwamo katika masomo hayo, akaondoka mwaka 1922 kwenda kujifunza kurusha ndege. Mwaka 1924 alijiunga na shule ya urubani ya jeshi. Wanafunzi 104 walianza. Waliomaliza mwaka uliofuata walikuwa 18 tu, naye alikuwa wa kwanza wao. Mwaka 1926 alianza kazi ya kupeleka barua kwa ndege baina ya St. Louis na Chicago. Mara mbili katika mwaka huo alipotewa na njia usiku, petroli ikamwishia, ikambidi aruke kwa mwavuli na kuiacha ndege ianguke.

Wakati huo palikuwa na zawadi ya dola 25,000, iliyotolewa na Raymond Orteig tangu mwaka 1919, kwa rubani wa kwanza kuunganisha New York na Paris kwa safari moja. Watu kadha wa kadha walikwisha kufa kwa ajili yake. Mwezi wa Mei 1927 Wafaransa wawili, Nungesser na Coli, waliondoka Paris, wala hawakuonekana tena.

Lindbergh alisaidiwa fedha na wafanya biashara wa St. Louis, akaundiwa ndege mjini San Diego. Ilipokuwa ikiundwa, alikwenda katika maktaba ya mji, akatandaza uzi juu ya tufe la dunia kutoka New York mpaka Paris, kisha akaupima. Akaona kuwa safari ni karibu maili 3,600. Uzi ukivutwa juu ya tufe hufuata njia iliyo fupi kuliko zote. Lakini njia hiyo ikichorwa katika ramani ya kawaida huonekana imepinda. Kwa hiyo Lindbergh aliigawa katika vipande vya maili mia mia, na kwa kila kipande akaandika mwelekeo wa dira. Alikadiria kuwa ndege yake ingekwenda karibu maili 100 kwa saa. Basi kila saa moja ikipita, angebadili mwelekeo kidogo.

Yafaa tuvieleze vipimo hivyo. Mwelekeo huhesabiwa kwa digrii 360 kuanzia kaskazini: mashariki ni 90, kusini 180, magharibi 270. Lakini sindano ya dira haielekei kaskazini halisi, bali kaskazini ya sumaku, na tofauti hiyo hubadilika mahali na mahali. Rubani hana budi kuijumlisha au kuitoa. Maili ya nchi kavu ni kama mita 1,609, na maili ya bahari ni mita 1,852, yaani karibu sehemu moja ya sitini ya digrii moja ya latitudo. Ndege ikienda maili moja ya bahari kwa saa, mwendo wake huitwa noti moja. Tena uko upepo, ambao huisukuma ndege upande kama mkondo usukumavyo mtumbwi. Na kosa dogo si dogo: ukikosea digrii moja tu, kila maili 60 utakuwa umetoka njiani kwa maili moja.

Tarehe 20 Mei, 1927, saa mbili kasoro dakika nane asubuhi, Lindbergh aliondoka New York na galoni 450 za petroli. Ili kupunguza uzito hakuchukua redio, wala chombo cha kupimia nyota. Usiku barafu ilianza kuganda juu ya mbawa zake akageuka kuyatoka mawingu, na dira zake mbili zikayumba. Adui mkubwa zaidi alikuwa usingizi. Siku ya pili aliona mashua za wavuvi, akashuka karibu nao na kupaza sauti awaulize Ireland iko wapi, asipate jibu. Akarudi katika hesabu yake. Haukupita muda mrefu akaiona nchi kavu: ilikuwa Ireland, naye alikuwa ametoka katika mstari wake kwa maili zipatazo tatu tu. Saa nne na dakika 22 usiku, kwa saa za Paris, alitua baada ya saa 33 na nusu angani. Watu zaidi ya laki moja walikuwa wakimngoja.

Dunia nzima ilimsifu. Lakini mwenyewe alijua kuwa bahati ilimsaidia, kwa sababu pepo zilizomsukuma huku na huku zilikaribia kulingana. Mwezi wa Februari 1928, alipokuwa akirudi kutoka Havana usiku, dira zake mbili ziliharibika tena. Kulipokucha alijikuta juu ya visiva vya Bahama, karibu maili 300 nje ya njia.

Basi Lindbergh, aliyekuwa rubani mashuhuri kuliko wote, akaomba mwalimu. Mwaka huo huo alifundishwa na P. V. H. Weems, ofisa wa jeshi la majini, jinsi ya kujua mahali alipo kwa kupima jua na nyota. Baadaye alibuni saa ya mkononi ya kumsaidia rubani kupata longitudo. Hesabu yake ni nyepesi: dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, au digrii moja kwa dakika nne.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa na huzuni na lawama. Mwaka 1932 mtoto wake mchanga aliibiwa na kuuawa. Mwaka 1941 alipinga Marekani isiingie vitani, na katika hotuba moja akawashutumu Wayahudi. Watu wengi walimlaumu kwa haki. Alifariki tarehe 26 Agosti, 1974, huko Hawaii. Ndege yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington.

Wanafunzi wenzangu, mara nyingi tukipata jibu sahihi katika mtihani hatujiulizi kama tulilijua au tulilibahatisha. Lindbergh alijiuliza. Alifika Paris akashangiliwa na umati, na mwaka uliofuata akaketi mbele ya mwalimu na kalamu mkononi. Kuuliza si ujinga.